Usiku wa Jumamosi

Nilifundisha uraia kwa miaka ishirini na mbili katika shule ya msingi ya serikali huku Temeke, na mada niliyoipenda kuliko zote ni ile ya muda wa uongozi. Watoto hawakuipenda. Nilikuwa nachora mstari ubaoni na kutia nukta mbili: hapa kiongozi anaanza, hapa anakoma. Rais, niliwaambia, haanzi kazi siku anapotangazwa mshindi, anaanza anapokula kiapo. Na yule anayetoka haachi kiti mpaka mwenzake ameapa, ili nchi isikae bila mwenyewe hata dakika moja. Siku moja binti mmoja wa darasa la sita alinyoosha mkono akauliza, "Na mwenyekiti wa mtaa je, mwalimu?" Nikamwambia huyo ana kanuni zake, tutafika huko. Kengele ikalia. Hatukufika, wala mwaka uliofuata hatukufika, kwa sababu mtihani haukuwahi kumuuliza mtu habari za mwenyekiti wa mtaa.

Nilipostaafu nilihamia Chamazi, kwenye kiwanja alichoniachia marehemu mume wangu, na kabla sijamaliza kupiga lipu ukuta wa mbele, watu wakanifuata nigombee uenyekiti. Walinifuata kwa sababu ya mtu aliyenitangulia. Yule bwana alitembea na muhuri mfukoni mwa suruali. Muda wake ulikwisha, naye akaendelea kugonga. Anagonga leo, anaandika tarehe ya mwezi uliopita. Kuna kiwanja kule chini bondeni kina barua mbili za mauziano, zote zina muhuri wake, na wenye barua hizo mpaka leo hawasalimiani. Mimi nikasimama mbele ya watu nikasema: sitagonga barua hata moja kabla ya siku yangu, na sitagonga hata moja baada yake. Walinipigia makofi. Nilishinda, na maneno yale nikayabeba miaka mitano nikijisikia mtu.

Mwenyekiti wa mtaa si mkubwa wa kutisha. Hana ofisi ya maana, hana gari, na akipita barabarani anasimamishwa kuulizwa kwa nini mtaro umeziba. Lakini ana muhuri, na mtu wa kwetu asiye na barua ya mtaa hajulikani. Hafungui akaunti, hapati kitambulisho, hamtoi ndugu yake polisi wala mahakamani. Nyumbani kwangu watu walikuwa wanagonga geti tangu alfajiri, wengine hawajapiga hata mswaki. Nilinung'unika sana, lakini nilipenda kugongewa, nikiri.

Mwaka wa tano ulipofika mwisho, barua ya ukomo wa madaraka ikaja kutoka halmashauri, siku ya Jumatatu. Uchaguzi ulikuwa umekaribia, na kanuni zinataka viongozi wote wa mitaa waachie kwanza madaraka ndipo watu wapige kura. Katikati hapo kazi zinashikwa na mtendaji wa mtaa, ambaye ni mwajiriwa tu, hachaguliwi. Barua ilikuwa fupi. Ilisema kwamba viongozi wote tutakoma madaraka yetu usiku wa Jumamosi. Nikaisoma, nikatia saini kitabu cha kupokelea, nikaibandika ukutani.

Kwangu haikuwa na fumbo lolote. Nililelewa na bibi mzaa mama, mwanamke wa Kilwa aliyekuja kuishi Temeke akiwa mtu mzima na hakubadilisha hata neno moja. Kwake siku inaanza jua likizama. Usiku unatangulia, mchana unafuata. Usiku wa Ijumaa ni ule wa Alhamisi kuamkia Ijumaa, ule anaochoma udi na kusoma Yasini. Nilipokuwa mdogo niliwahi kusema kitu kimefanyika "Ijumaa usiku" nikimaanisha baada ya mchana wa Ijumaa, akanivuta sikio. "Huo ni usiku wa Jumamosi, we mtoto! Nani kakufundisha kuhesabu?" Sikukosea tena. Nilipokuwa mwalimu niliwasahihisha wengine kwa neno hilohilo, ingawa masikio yao sikuyavuta sana.

Kwa hiyo nilijua: siku yangu ya mwisho ni Ijumaa, na ikiingia magharibi, basi.

Wiki hiyohiyo, Jumatano, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikamatwa. Alikuwa fundi wa kuchonga, mtu wa Newala, anachonga milango na vitanda kwenye karakana moja ya Chang'ombe. Katika miaka yote niliyokaa naye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti. Siku hiyo alizozana na mwenzake kuhusu gogo, akamzaba kofi, mwenzake akaangukia kona ya benchi na kupasuka paji la uso. Nyuzi tano. Alhamisi akafikishwa mahakamani, akasomewa shitaka, dhamana ikawa wazi: wadhamini wawili wenye vitambulisho, kila mmoja na barua ya mtaa wake. Kesi ikapangwa irudi Jumatatu, akapelekwa mahabusu.

Kesi kama ile kila mtu alijua ingekwisha kwa kusuluhishana. Shida ilikuwa mama yake. Bi kizee yule aliletwa kutoka Newala miezi mitatu nyuma, moyo umechoka, miguu imevimba, na madaktari walishamwambia mkwewe ampeleke tu nyumbani akae na watu wake. Mtoto alikuwa naye huyo mmoja. Watano aliwazika. Nilikwenda kumjulia hali Ijumaa asubuhi, nikamkuta amelala ukumbini karibu na mlango, maana alikataa chumbani. Alitaka kumwona mwanawe akiingia. Walikuwa wamemdanganya kwamba amekwenda Lindi kuchukua mbao.

"Mbao gani hizo haziishi?" akaniuliza.

Nikamwambia mbao nzuri ziko mbali. Akanishika mkono, vidole vyake vilikuwa vya baridi asubuhi ile ya joto, akasema, "Mie sina siku nyingi, mwalimu. Mwambieni aziache." Nikamwambia Jumatatu atakuwa hapa. Nilimwambia kwa kinywa changu hiki, na nilikuwa na uhakika, kwa sababu wadhamini walikuwa wamepatikana: shemeji yake mwenye barua yake tayari, na rafiki mmoja wa karakana.

Jioni hiyo, baada ya kusali magharibi, nilitoa muhuri kabatini. Nikaufuta wino kwa kitambaa, nikautia kwenye bahasha ya kaki pamoja na pedi yake, nikabandika gundi, nikatia saini juu ya mdomo wa bahasha na kuandika saa: saa moja na dakika kumi. Hakuna aliyeniona. Nilijiona mwenyewe, na ilinitosha. Nikarudisha bahasha kabatini nikala wali wangu kwa hamu.

Jumamosi saa mbili na nusu asubuhi nilikuwa uani nachambua mchicha, mke wa fundi akaingia. Nyuma yake alikuja mzee wa duka la kona, Mwarabu wetu, ambaye babu yake aliuza vitambaa Temeke kabla ya mama yangu kuzaliwa. Mkononi alikuwa na kivuli cha kitambulisho chake ndani ya mfuko wa plastiki.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Mama kaamkaje?"

"Vilevile. Anaulizaga tu, geti likilia anauliza." Alikuwa anahema. "Mwalimu, yule rafiki yake wa karakana kajitoa. Jana usiku kanipigia, anasema mkewe hataki. Ila huyu mzee wangu kakubali, Mungu ambariki. Naomba umwandikie barua."

Nikamwambia, "Umechelewa, mwanangu. Muda wangu umekwisha jana."

"Jana?" Akamtazama mzee, akanitazama mimi. "Mbona nimempigia mtendaji, yeye yuko huko kwenye semina yao ya uchaguzi, kaniambia nije kwako. Kasema leo bado uko kazini. Eti barua imesema usiku wa Jumamosi."

"Ndivyo ilivyosema."

"Sasa si ndo leo usiku?"

Nilicheka. Naandika haya na natamani ningeweza kusema sikucheka. Nikaweka kisu kwenye ungo, nikafuta mikono kwa khanga, nikamweleza kwa sauti ya darasani, taratibu, kwa mfano. Usiku wa leo ni wa kuamkia Jumapili, kwa hiyo ni usiku wa Jumapili. Usiku wa Jumamosi ni huu uliopita. "Nyie mmekigeuza Kiswahili," nikamwambia, "na mtendaji naye ni mtu wa bara, hajui. Muulize mzee hapa."

Mzee wa duka akatikisa kichwa kukubali. Hakuwa na sababu ya kunipinga, kwao walihesabu kama bibi yangu. "Ndivyo," akasema. "Juzi tumesoma Yasini, ule ndo usiku wa Ijumaa. Wa Jumamosi ni jana."

Mke wa fundi akakaza ncha ya khanga yake. Hakuwa amesoma sana, aliniambia mara nyingi kwamba aliishia darasa la nne, na sasa walikuwa wamesimama mbele yake mwalimu na mzee, wote wa pwani, wakimwambia hajui lugha. Angesema nini? Akajaribu njia nyingine.

"Basi andika tarehe ya jana, mwalimu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

Niliyapenda yale maneno yaliponitoka. Niliyasikia yalivyokaa vizuri.

"Mwalimu," akasema, na sasa sauti ilikuwa imeshuka, "mama hamalizi wiki ijayo. Jana umemwona mwenyewe."

Nikamwambia Jumatatu asubuhi tutakwenda pamoja kwa mtendaji, yeye ndiye mwenye mamlaka, atatuandikia dakika moja tu, halafu twende mahakamani. Nikamwambia mambo yakifuata utaratibu hayaharibiki. Kutoka pale nilipokaa hadi kwenye kabati lenye muhuri ni hatua sita au saba. Ningeweza pia kumpigia simu mtendaji nikamuuliza yeye. Simu ilikuwa kando yangu, juu ya kigoda. Sikumpigia. Mwanamke wa miaka thelathini kutoka Kagera anifundishe mimi maana ya usiku wa Jumamosi?

Walikwenda zao. Nikamaliza mchicha wangu.

Jumatatu saa moja asubuhi tulikuwa kwenye mlango wa ofisi ya mtaa, mimi, mke wa fundi na mzee wa duka. Mlango ulikuwa na kufuli, na juu yake karatasi: mtendaji yuko kwenye mafunzo ya wasimamizi wa uchaguzi, huduma zitaendelea Jumanne mchana. Simu yake haikupatikana. Huko mafunzoni waliambiwa wazime. Tukakaa mpaka saa mbili na nusu. Mke wa fundi hakunilaumu. Alikuwa anasoma ile karatasi mlangoni, anairudia, kama vile mara ya tatu itasema kitu kingine.

Mahakamani jina la fundi likaitwa saa nne. Shemeji akasimama na barua yake. Mzee wa duka akasimama na kivuli chake cha kitambulisho.

"Barua ya mdhamini wa pili?" hakimu akauliza. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa mama wa makamo, amechoka, na mafaili mbele yake yalikuwa mengi.

Nikasimama mimi. Nikasema, "Mheshimiwa, namfahamu mzee huyu, ni mkazi wa mtaa wangu, mimi nilikuwa mwenyekiti."

"Ulikuwa, au ni?"

"Nilikuwa."

"Basi kaa, mama."

Nikakaa. Kesi ikaahirishwa wiki mbili. Yule fundi alikuwa amesimama kule mbele, shati lilelile la Jumatano, na alipogeuka kupelekwa akaniona, akaweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa, kunishukuru kwamba nimekuja.

Jumanne mchana mtendaji alirudi, nikaenda kumkabidhi vitu vya ofisi: daftari la wakazi, faili la migogoro, bahasha ya muhuri. Aliipokea bahasha kwa mikono miwili kama wanavyofanya kwao, akasoma nilichoandika juu yake, akakunja uso.

"Mama, mbona umeifunga Ijumaa?"

"Si ndiyo siku ya mwisho? Barua imesema usiku wa Jumamosi."

Aliniangalia kwa muda. Naamini alikuwa anatafuta namna ya kuniambia bila kunivunjia heshima. Kisha akafungua simu yake akanionyesha ujumbe walioletewa watendaji wote siku ileile ya barua. Huko walikuwa wameandika kirefu zaidi: Jumamosi, saa sita usiku, kuamkia Jumapili. Jumamosi mchana kutwa nilikuwa mwenyekiti. Mchana kutwa, nikichambua mchicha, nikifua, nikilala kidogo baada ya adhuhuri, nilikuwa na mamlaka yote niliyopewa na watu wale waliopiga makofi, na kila barua ambayo ningeigonga ingekuwa halali.

"Nilimwelekeza dada mmoja aje kwako asubuhi ile," mtendaji akasema. "Yule mwenye mume mahabusu. Alikuja?"

"Alikuja."

Nikamweleza shida yenyewe, na barua ya mzee wa duka akaiandika palepale, sijui kama ilifika dakika mbili. Muhuri ulitoka kwenye bahasha yangu, aliichana.

Jumatano asubuhi mke wa fundi, kaka yake yule mdhamini wa kwanza, na mzee wa duka wakaenda mahakamani na barua zote mbili. Karani akawaambia hakimu amesafiri kikazi, faili litaitwa tarehe ileile iliyopangwa, hakuna mwingine wa kulisikiliza. Walizunguka milango mitatu wakipewa jibu hilohilo. Mimi nilikuwa nimebaki na mgonjwa. Tangu Jumatatu alikuwa hali kitu, ila alikuwa anaongea. Alinihadithia habari za mikorosho yao, ni mingapi, ipi ya nani. Geti likilia ananyamaza, anageuza macho mlangoni, na akiona ni mtoto wa jirani au muuza maji, anaendelea na mikorosho. Saa saba akasema amechoka. Saa nane mchana akafa, na mlango ulikuwa wazi.

Mke wa fundi aliporudi alinikuta nimemfunga kidevu kwa leso yangu. Hakupiga kelele. Aliketi chini kando ya godoro na zile barua mbili mapajani.

Mazishi yalikuwa Jumamosi, wakingojwa ndugu wa Newala. Wale ndugu walipouliza mfiwa mwenyewe yuko wapi, walijibiwa kwa kunong'onezwa. Baada ya ibada, kabla ya kuaga mwili, msema chochote akashika kipaza sauti akaita salamu za rambirambi, kama ilivyo desturi yetu: kwanza ukoo, halafu kanisa, halafu serikali ya mtaa. Serikali ya mtaa haikuwepo. Mtendaji alikuwa anapokea masanduku ya kura, mwenyekiti hakuwepo kwa sababu mtaa haukuwa naye. Watu wakageuka huku na huku. Msema chochote akaniona.

"Basi tumwombe mwalimu, aliyemaliza muda wake, atusemee."

Nikapita mbele. Nilisimama hatua mbili kutoka kwenye jeneza nikasema yale yanayosemwaga. Kwamba mtaa umepoteza mzazi. Kwamba serikali iko pamoja na familia katika kipindi hiki kigumu. Kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Watu wakaitikia "amina", na mimi nikarudi kwenye kiti changu cha plastiki nikiwa najichukia kwa namna ambayo sikuwahi kujua kwamba mtu anaweza. Bado najichukia. Wanaosema uchungu hupoa ukishausema hawajawahi kuwa na kosa lenye saa na dakika.

Baada ya hapo watu wakapiga kura. Mwenyekiti mpya alipatikana, lakini hakuapishwa siku ile wala iliyofuata, na siku zote hizo watu walikuwa wanagonga geti langu kwa mazoea, mwenye mgonjwa, mwenye msiba, mwenye mtoto anayetakiwa shuleni, na mimi nawarudisha. Nilikuwa nasimama getini nikikumbuka ule mstari wangu ubaoni na nukta zake mbili. Waliotunga sheria walihakikisha kule juu hapapiti hata dakika moja bila mtu. Huku chini wametuachia nafasi, na hiyo nafasi haionekani kwenye kitabu chochote cha uraia. Anayeiona ni yule anayetumbukia ndani yake.

Lakini nikisema hivyo najitetea. Fundi yule hakutumbukia kwenye nafasi ya sheria. Sheria ilimpa Jumamosi nzima. Mimi ndiye niliyemnyang'anya, kwa Kiswahili safi.

Nilimweleza mzee wa duka. Akashika ndevu, kisha akasema, "Tulikosea sote." Alisema kwa wema. Lakini yeye aliulizwa tu akajibu, na aliyemuuliza ni mimi, na nilimuuliza ili anikubalie.

Mke wa fundi sikumwambia. Kila siku nilisema kesho. Alikuwa ananiletea kisahani cha mihogo, ananiambia, "Mwalimu, umetusaidia sana kipindi kile," na mimi napokea kisahani.

Wiki mbili zilipotimia, fundi akatoka kwa dhamana. Alifika nyumbani jioni, na kesho yake asubuhi akaja kwangu. Alikuwa amekonda, nywele zimenyolewa. Akakataa kiti, akakaa kwenye ngazi ya baraza, akaniamkia.

"Nimekuja kushukuru," akasema. "Mke wangu kanieleza yote. Ulikaa na mama mpaka mwisho. Na ile habari ya barua, mwalimu, usije ukaiweka moyoni. Muda wako ulikuwa umekwisha, ungefanyaje? Hata mie nisingetaka uvunje sheria kwa ajili yangu."

Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa nimesamehewa tayari, na mwenye kusamehe alikuwa amekaa mbele yangu, hajui anachokisamehe. Ndicho kilichonishinda. Nikamwambia. Nilimwambia vibaya, kwa kuanzia katikati, kwa kumweleza habari za bibi yangu na Yasini na usiku unaotangulia mchana, mpaka nikaona kwa uso wake kwamba amepotea, nikasimama, nikasema kwa ufupi: "Ile Jumamosi mkeo alipokuja, nilikuwa bado mwenyekiti. Nilikosea siku. Yeye alinisahihisha, na mimi nikamcheka."

Ndani ya nyumba yao mkewe alikuwa anaosha vyombo, tulisikia sufuria.

"Kwa hiyo barua ingekuwa halali," akasema.

"Ingekuwa halali."

"Na Jumatatu ningetoka."

"Ungetoka. Hakimu alitaka hiyo karatasi tu."

Akaangalia mikono yake. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole, taratibu, kama mtu anayepima ubao kabla hajaukata. "Jumatatu jioni," akasema. "Jumanne. Jumatano mpaka saa nane."

Nikangoja anitukane. Nilikuwa naomba anitukane.

"Zingenitosha, mwalimu," akasema.